Mbwa Niliyewachagulia Watu wa Malili

Siku hizi napokea picha nyingi za mbwa kwenye simu kuliko za wajukuu wangu. Kijana wa kanisani kwetu akipata mtoto wa kwanza, anaona ni lazima apate na mbwa, basi ananitumia picha na swali moja: "Susu, huyu ni mzuri kwa watoto?" Susu kwetu Wakamba ni nyanya. Navaa miwani, natazama. Naona masikio mawili, pua moja, na kiti cha plastiki nyuma yake. Kiti naweza kukisifu. Mbwa siwezi, maana picha haili, hailali, na haivutwi mkia.

Nilifanya kazi ya mifugo miaka thelathini na miwili, kwanza Kitui, kisha Makueni, na mwisho hapa Kilungu nilipostaafia. Watu waliniita Daktari Mwikali nami nikaitika, ingawa cheti changu kinasema msaidizi wa afya ya mifugo. Kazi yangu kubwa ilikuwa ng'ombe na mbuzi. Lakini hakuna mtu aliyewahi kunisimamisha njiani aniulize ni mbuzi gani anafaa kukaa na watoto. Ni mbwa tu. Kwa hivyo nyinyi mnaolea sasa, na nyinyi wadogo wangu mlioingia kazini juzi na buti mpya, hebu nisikilizeni kidogo. Nitawaambia niliyojifunza, na zaidi nitawaambia nilivyokosea.

Nina alama saba za meno mwilini, mikononi na miguuni, na moja mahali ambapo sitawaonyesha. Nne kati ya hizo nilipewa na mbwa wasiouma. Hivyo ndivyo wenyewe walivyoniambia: "Ingia tu, daktari, huyu haumi."

Aliyenifunza kuliogopa hilo neno ni Mzee Mwania, mkubwa wangu wa kazi nilipoanza Kitui. Alikuwa mtu mfupi, mpole, na suruali zake za kazi zilikuwa na viraka vingi upande wa nyuma kuliko upande wa magoti. Siku moja tulikwenda kuchanja mbwa katika boma moja nje ya mji. Mwenye boma, baba mmoja mnene, alikuwa ameketi mlangoni akinywa uji.

"Ingieni, ingieni!" akatuita. "Huyo haumi!"

Mbwa alikuwa amelala katikati ya njia, kidevu juu ya miguu, akitutazama kwa jicho moja. Mimi nikainua mguu niingie. Mzee Mwania akanishika koti. Akachuchumaa penye lango na kumwita msichana mdogo wa hapo, wa kama miaka mitano, aliyekuwa akitafuna muwa.

"Mama, eti huyu mbwa wenu huuma watu?"

"Hapana."

"Hajawahi kuuma hata mmoja?"

Mtoto akafikiri, akatema makapi ya muwa. "Aliuma Susu. Na mwalimu. Na yule wa kuleta maji. Na baba, lakini baba alikuwa amelewa."

Baba akaweka kikombe cha uji chini. "Hiyo ni ya zamani," akasema.

"Ilikuwa Jumamosi," mtoto akasema.

Siku hiyo tulichanja mbwa akiwa amefungwa mdomo kwa kamba, na mwenyewe ndiye aliyemshika. Tangu hapo sijawahi kumuuliza mtu mzima kama mbwa wake huuma. Namuuliza mtoto. Na simuulizi kama mbwa huuma, namuuliza ameuma nani.

Huyo Mzee Mwania ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuchagua mtoto wa mbwa. Kwanza, alisema, mtazame mama yao. Ukifika bomani na mama anataka kukula, geuka urudi kwenu hata kama watoto ni wazuri vipi. Pili, usimchukue kabla hajamaliza miezi miwili. Watu wetu wana haraka, wanamchukua mtoto macho yamefunguka juzi. Sasa huyo atajifunza wapi kwamba meno yanaumiza? Mbwa hufunzwa hilo na ndugu zake. Akiwauma sana wanapiga kelele na kuacha kucheza naye. Aliyekosa shule hiyo huja kusomea kwenye mikono ya watoto wako.

Tatu ni mfuniko wa sufuria. Hii Mzee Mwania aliipenda kuliko zote. Unangoja watoto wa mbwa wamezama kwenye michezo, halafu unaangusha mfuniko nyuma yao. Mmoja atakimbia ajifiche asirudi, na huyo ni mwoga, mbwa mwoga ndiye huuma watoto. Mwingine atauvamia mfuniko kwa hasira, huyo mpe mwenye ghala. Unayemtaka ni yule anayeshtuka, anaruka, kisha anarudi polepole kunusa ni nini kimeanguka.

Niliyakariri hayo yote kama katekisimu. Baadaye ndipo nilipokuja kujua kwamba kuna neno moja nililoliruka.

Sasa niwapeleke Malili. Wakati huo nilikuwa tayari Kilungu, na Malili nilikuwa nashuka kwa pikipiki ya ofisi siku za chanjo. Hapo kando ya barabara kuu kulikuwa na familia moja iliyotoka upande wa Murang'a ikafungua duka la mabati, misumari na simiti. Baba Shiro alikuwa mtu wa maneno machache na uso wa kukunja. Mkewe, Mama Shiro, alikuwa na kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara. Walikuwa na watoto wawili: Shiro, msichana wa miaka minane, na Njoro wa miaka miwili, ambaye alikuwa ameanza kutembea juzi na tayari alikuwa anakimbia.

"Daktari," Baba Shiro akaniambia, "nataka mbwa wa kuogopwa na wezi."

"Na mimi nataka mbwa ambaye hatakula mtoto wangu," Mama Shiro akasema.

Nikamgeukia msichana. "Na wewe, Shiro?"

"Wa kucheza na mimi."

Nikawaambia hao ni mbwa watatu. Baba Shiro akasema nafasi iko ya mmoja.

Nilikuwa nimesikia kuna watoto wa mbwa Kiboko, kwa mama mmoja karibu na kituo cha utafiti wa mimea. Tukaenda kwa pikapu ya Baba Shiro. Walikuwa sita, watano wa kahawia kama mama yao, na mmoja mweupe kama unga wa ngano, macho ya buluu. Mama yao alitunusa mikono akarudi kulala. Umri wao ulikuwa umefika. Kila kitu kilikwenda vizuri, na hapo ndipo kiburi kiliponipanda.

Niliazima mfuniko kwa mwenye nyumba. Nikawaambia watu wa Malili wasimame kando waone kazi ya mtaalamu. Nikauangusha juu ya jiwe. Gwa! Wale watano wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Yule mweupe, nawaambia, hakupepesa jicho. Alikuwa anatafuna kamba ya kiatu changu, akaendelea kutafuna.

"Huyu!" nikasema. "Mmeona? Huyu ana moyo wa jiwe. Hata watoto wapige kelele namna gani, yeye hatashtuka."

Mwenye nyumba akaanza, "Daktari, lakini huyo mweupe..."

"Mama," nikamkata, "kila mtu na kazi yake."

Baba Shiro alikuwa tayari amembeba. Kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu. Akamwita Chifu, kwa sababu, alisema, anataka mbwa wa kuheshimiwa.

Katika miezi miwili mitatu iliyofuata nilipigiwa simu mara tatu na Baba Shiro. Mara ya kwanza nilikuwa nikizalisha ng'ombe, simu nimeibana kwa bega.

"Daktari, huyu mbwa hasikii."

"Bado ni mtoto, Baba Shiro. Watoto hawasikii. Mpe muda."

Mara ya pili alikuwa amekasirika. "Nimempa muda. Hasikii kabisa! Naita Chifu, Chifu, Chifu, mpaka naibu wa chifu ameingia dukani kuniuliza nina shida gani!"

Nikamwambia asimfokee. Amwite kwa upole akiwa na kipande cha nyama mkononi. Wiki hiyo ilionekana kusaidia, na mimi nikajipongeza. Sikufikiria kwamba nyama ina harufu.

Mara ya tatu alisema hivi: "Lori la simiti linarudi nyuma, linapiga honi, na mbwa amelala tu nyuma ya gurudumu. Dereva ameshuka akambeba kama gunia. Daktari, huyu mbwa hasikii."

Nilicheka. Nikamwambia, "Si nilikuambia ana moyo wa jiwe?"

Nyinyi mnaonisoma mmeshajua. Mimi, na cheti changu ukutani, sikujua.

Jumapili moja mchana, tumetoka kanisani, simu ikalia. Alikuwa Mama Shiro, na hakuwa na kile kicheko.

"Daktari, Chifu amemuuma Njoro. Usoni."

"Mmeosha?"

"Nimemwosha na sabuni chini ya mfereji, robo saa, vile ulitufunza siku ya chanjo. Na tumetoka hospitali saa hii, wamemdunga."

Hapo wacha nisimame nisicheke. Mbwa akimuuma mtoto, hata kama ni mkwaruzo, hata kama ni mbwa wenu mliyemchanja, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Msipake mafuta, msipake majani, msingoje kesho. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa mtu, hakuna anayerudi nyumbani. Mama Shiro alifanya sawasawa, na ndiyo maana hadithi hii naweza kuisimulia.

Nilivaa kofia ya pikipiki juu ya kitambaa cha kanisani nikashuka Malili. Njoro alikuwa mapajani kwa mama yake akinyonya peremende, na alama mbili chini ya jicho la kulia. Kutoka alama ya juu hadi kwenye jicho palikuwa na upana wa kidole. Nilipima kwa kidole changu mwenyewe.

Baba Shiro alikuwa ameketi juu ya magunia ya simiti, ameshika mpini wa jembe. Chifu alikuwa amefungiwa stoo. Mbele ya mlango wa stoo alisimama Shiro, mikono ameitandaza, macho mekundu.

"Fungua hapo umdunge alale, daktari," Baba Shiro akasema. "Ama nifungue mimi."

"Kwanza niambieni ilikuwaje."

Mama Shiro ndiye aliyesimulia. Chifu alikuwa amelala usingizi kando ya mabati. Njoro alikuja mbio kutoka nyuma akajitupa juu yake, vile hujitupa kwa baba yake. Mbwa aligeuka na kung'ata kabla hata hajafungua macho. Halafu akaona ni nani. "Alitambaa na tumbo mpaka kwa kona," Mama Shiro akasema, "akajikojolea."

"Nilikuambia mara tatu!" Baba Shiro akanipigia kelele. "Mara tatu, daktari! Mbwa hasikii!"

"Baba," Shiro akasema kwa sauti ndogo, "si ati hasikii. Hasikii." Akajishika masikio yote mawili.



"Nilikuambia," akaendelea, "ukasema ni mimi namdekeza."

Niliomba ufunguo. Chifu alikuwa ameelekea ukutani, ameinamisha kichwa. Nikachukua kipande cha bati na spana ya dukani, nikasimama nyuma yake, nikapiga kwa nguvu zangu zote. Mteja mmoja nje aliangusha pakiti ya misumari. Mwingine akaita jina la Yesu. Sikio la Chifu halikutikisika hata kidogo. Shiro akaingia, akagonga mguu wake chini mara mbili, polepole. Sakafu ya ile stoo ilikuwa ya mbao. Mbwa aligeuka mara moja, akamwona, mkia ukaanza.

Basi pale, mbele ya watu wa simiti, nikakumbuka sauti ya Mzee Mwania: anayeshtuka, anaruka, kisha anarudi. Anayeshtuka kwanza! Nilikuwa nimewachagulia mbwa asiyeshtuka, nikadhani nimepata shujaa. Na yule mama wa Kiboko alitaka kuniambia. Baadaye nilimpigia, akasema hata walipoitwa kula, yule mweupe alifuata wenzake tu. Mbwa weupe hivyo wenye macho ya buluu, wengine huzaliwa masikio yamefungwa. Nilikuwa nimesoma hilo chuoni. Kulisoma hakukunisaidia.

"Baba Shiro," nikasema, "kosa si la mbwa. Na si la mtoto wako. Ni langu."

Mpini wa jembe aliuweka chini.

Shiro alifikiri tumemaliza. "Kwa hivyo anakaa," akasema. "Tutagonga mguu tu kabla ya kumguza. Mimi nagonga kila siku."

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Maana alikuwa sawa kwa upande wake. Mbwa asiyesikia anaweza kuishi vizuri na watu wanaokumbuka. Lakini Njoro alikuwa na miaka miwili, na mtoto wa miaka miwili hakumbuki hata kiatu chake kiko mguu gani. Ile nafasi ya kidole kimoja haingekuwepo mara ya pili. Nikamwambia Shiro hivyo, nikiwa nimechuchumaa mbele yake. Nikamwambia pia kwamba mbwa aliyeuma mtu ni lazima atazamwe siku kumi, hata kama amechanjwa, na nitamtazama nyumbani kwangu, ambako hakuna mtoto mdogo. Akiwa mzima atakaa huko.

"Wewe si daktari," Shiro akaniambia. "Wewe ni mwizi wa mbwa."

Sikumkemea. Mama yake alitaka kumkemea, nikatikisa kichwa.

Nilimfungia Chifu kwenye lile sanduku la mbao la vifaa nyuma ya pikipiki. Nilipowasha, Shiro akaja mbio, akanisukumia karatasi ya daftari mfukoni bila kuniangalia, akarudi ndani. Niliisoma nyumbani. Ilikuwa imeandikwa kwa penseli: *Gonga mguu mara mbili ni njoo. Kiganja juu ni kaa. Kidole kwa pua ni chakula. Usimguze akilala. Anaogopa kuku.*

Yote yalikuwa kweli, hasa la kuku. Chifu alimaliza siku kumi salama, na akapatana sana na mume wangu, ambaye naye masikio yalikuwa yameanza kupungua. Walishinda barazani wawili hao, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mkimya. Mimi nikiita chakula nilikuwa nagonga mguu mara mbili, na wote wawili wanakuja.

Lakini Malili hapakuwa sawa. Mama Shiro alinipigia baada ya kama wiki sita. Alama za Njoro zilikuwa zimepona, lakini Shiro alikuwa haongei mezani. Anajibu ndiyo na hapana. Akaniomba nitafute mbwa mwingine. Nikamwambia siamini tena mkono wangu. Akasema, "Basi kuja na mkono mwingine, daktari, lakini tafuta."

Huku Kilungu, chini kidogo ya shamba letu, alikuwako Mama Mumo, mjane aliyekuwa anajiandaa kuhamia Kitui mjini kwa mwanawe, kwenye nyumba ya kupanga isiyoruhusu mbwa. Mbwa wake alikuwa amezaa mara ya mwisho, watoto wanne. Nikawaita watu wa Malili. Baba Shiro alisema kwenye simu kwamba hatakuja, kisha akaja, kwa sababu Mama Shiro ndiye aliyeshika usukani.

Kwanza walipita kwangu. Shiro hakunisalimu. "Chifu ako?" akauliza. Alikuwa amelala kwenye baraza ya mbao. Shiro akasimama ukingoni, akagonga mguu mara mbili. Sikuwahi kuona mbwa akiamka hivyo. Alibiringika, akaanguka, akainuka, akamzunguka Shiro mara sita bila kutoa sauti. Baada ya hapo ndipo msichana akaja kunipa mkono. "Shikamoo," akasema. Nikaitika haraka asije akabadilisha mawazo.

Kwa Mama Mumo nilifanya mambo yote kwa utaratibu. Watoto wa mbwa walikuwa na wiki saba, nikasema tutachagua leo, tutachukua baadaye. Nikaangusha mfuniko, mara mbili, mara tatu. Safari hii nilitazama masikio kama mtu anayetafuta kupe. Wawili walishtuka vizuri wakarudi kunusa. Nikageuka kuwaeleza wenzangu, nikaona hakuna aliyekuwa ananitazama.

Shiro alikuwa ameketi chini karibu na mama wa wale watoto. Alikuwa mbwa wa kienyeji, kahawia, mwenye sikio moja lililopasuka, na chuchu zilizolegea. Aliitwa Popi, yaani mtoto wa mbwa kwa Kizungu, tangu alipokuwa mdogo, na hakuna aliyepata nafasi ya kumbadilishia jina. Alikuwa anakula ugali kwenye sufuria kuukuu. Na Njoro, ambaye kila mtu alidhani ameshikwa na mwingine, alikuwa amefika kwenye ile sufuria na kutia mkono ndani.

Mimi nilikuwa hatua sita mbali na sikuweza kuzipiga.

Popi aliinua kichwa. Akamtazama mtoto. Akatazama mkono uliojaa ugali wake. Halafu akasimama, akajinyoosha, akatembea polepole hadi nyuma ya ghala, akalala huko.

"Huyu," Shiro akasema.

"Huyo ni mzee!" Baba Shiro akasema, akishika kifua bado. "Angalia sikio. Tumekuja kuchukua mtoto."

"Njoro amechukua chakula yake, na mbwa ameenda zake tu," Shiro akasema. "Hakunguruma."

Nilikaa juu ya jiwe na mfuniko wangu. Miaka yote hiyo nilikuwa nikibahatisha mtoto wa mbwa atakuja kuwa nani, na hapa palikuwa na mbwa ambaye hakuna haja ya kubahatisha, amekwisha kuwa. Na nataka mlishike hili kuliko habari zote za mifuniko: mbwa mzuri kwa watoto si yule anayevumilia kila kitu. Uvumilivu huisha, na hamtajua umeisha lini. Mtafute yule anayejua kuondoka akichoka, na mumwekee mahali pa kuondokea, ambapo mtoto haruhusiwi kumfuata.

Mama Mumo alikuwa ametarajia kutoa watoto wa mbwa. Alikuwa amepanga kumwacha Popi kwa shemeji yake, ambaye hapendi mbwa. Akaenda nyuma ya ghala, akainama, akamkuna lile sikio lililopasuka. "Amenilelea watoto wanne wa nyumba hii," akasema. Kisha akamgeukia Shiro. "Sasa wewe, huyu ndugu yako akimsumbua utafanya nini?"

"Nitamtoa Njoro. Sitamtoa Popi."

Mama Mumo akapangusa macho kwa ncha ya leso. "Watoto wake wamalize kunyonya," akasema, "halafu mje. Na msimfunge mnyororo."

Wiki tatu baadaye walikuja. Nilimchanja, nikampa dawa ya minyoo, nikawaambia wasimwachie nje ya lango mpaka azoee barabara. Baba Shiro alitazama hayo yote mikono iko mifukoni. "Nilitaka mlinzi," akaniambia, "sasa narudi Malili na cucu, nyanya mzima."

Sikusikia habari zao tena hadi siku ya chanjo ya mwaka uliofuata. Niliweka meza yangu Malili kama kawaida, watu wakapanga foleni na mbwa wao wamefungwa kwa kamba, kwa mikanda, mmoja kwa tai ya shule. Pikapu ikaja polepole sana, inakwepa kila shimo. Baba Shiro alikuwa kwenye usukani. Kando yake, kiti cha mbele, alikuwa ameketi Popi, kichwa nje ya dirisha, amenenepa. Baba Shiro akashuka, akazunguka, akambeba kwa mikono yake miwili hadi mezani.

"Dunga polepole," akaniambia. "Huyu ni mtu mzima."

"Na wezi?"

"Mwizi hajakuja. Lakini mteja akinipandishia sauti, huyu husimama katikati yetu mpaka tusikizane." Alisema hivyo kama mtu anayemsifia mwanawe kwa wakwe.

Mama Shiro alikuwa anateremka kutoka nyuma ya pikapu pamoja na watoto, anajipangusa simiti kwenye rinda. Njoro alikuwa amekua, na zile alama ungelazimika kuonyeshwa zilipokuwa. Mama Shiro akaja akaegemea meza yangu.

"Daktari, leo niambie ukweli," akasema, na watu wote wa foleni wakasikia. "Hapa ulituletea mbwa, ama ulimletea huyu mwanamume bibi wa pili?"

Foleni nzima ilicheka. Baba Shiro alikuwa anamsaidia Popi kupanda, kiti cha mbele.